Baiti zilezile, namba nyingine

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa faili la vipimo vya mvua lililotoka kwenye mashine ya zamani ya ofisi moja, nikaombwa nilihamishie kwenye kompyuta mpya. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nikaandika programu fupi ya kusoma namba moja baada ya nyingine, baiti nane kwa kila namba, nikachapisha kurasa za mwanzo. Miezi ya kiangazi ilitoka safi: sifuri, sifuri, sifuri. Nikapata moyo. Halafu masika yakaingia, na siku ya kwanza ya manyunyu, ambayo mpimaji aliiandika milimita 0.1, ikasomeka takriban −1.54 × 10⁻¹⁸⁰. Mvua hasi, tena ndogo kuliko kitu chochote kinachopimika duniani.

Hakuna baiti iliyopotea wala kuharibika. Namba 0.1 kwa biti 64 huandikwa, kwa herufi za mfumo wa kumi na sita, 3F B9 99 99 99 99 99 9A. Mashine ile ya zamani ilianza na baiti kubwa. Kompyuta yangu huanzia mkiani, 9A kwanza na 3F mwisho. Nilisoma kinyumenyume. Sifuri ilipona kwa sababu baiti nane za sifuri ukizigeuza unapata sifuri ileile. Kwa hiyo siku kavu zote zilikuwa sahihi na siku za mvua zote zilikuwa uongo, na laiti faili lingekuwa la kituo cha jangwani, pengine ningelikabidhi na kulipwa bila mtu kugundua.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mashine zote mbili zilifuata kiwango kimoja cha kimataifa, IEEE 754, kilichopitishwa mwaka 1985. Kiwango kile kilieleza kila biti ina maana gani, lakini hakikusema baiti zipangwe vipi kwenye kumbukumbu au kwenye faili. Hapo ndipo lilipo swali la uchambuzi huu: namba iandikweje ndani ya kompyuta, nani aamue, na uamuzi ufike wapi? Jibu la 1985 ni miongoni mwa kazi bora za ushirikiano katika historia ya kompyuta, nami naliheshimu. Lakini lilisimama njiani. Naamini kusanifisha namba hakujakamilika mpaka kufike kwenye baiti ya mwisho, na pale kiwango kilipoishia, anayebaki na wajibu ni mtunga maktaba ya hisabati, yule anayeandika zile programu ndogondogo ambazo programu nyingine zote huziita kila zinapotaka kujumlisha, kutafuta logi au kuchapisha namba.

Tuitazame ile 0.1 kwa karibu. Mwanafunzi wa sekondari huandika umbali wa mwezi, kilomita 384,000, kuwa 3.84 × 10⁵. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila kwa mbili badala ya kumi. Katika biti 64, ya kwanza hubeba alama ya chanya au hasi, 11 zinazofuata hubeba kipeo, na 52 zilizobaki hubeba tarakimu za maana. Nukta haikai mahali pamoja. Kipeo ndicho kinachoisogeza, na ndiyo maana namba hizi huitwa za nukta elea. Kwenye 3FB ya mwanzo, kipeo kinasomeka 1019. Kila kipeo huhifadhiwa kikiwa kimeongezwa 1023, basi ukizitoa unabaki na −4, yaani moja ya kumi na sita. Tarakimu zinazofuata zinasema 1.6. Gawanya 1.6 kwa 16 upate 0.1. Zile 9 zinazojirudia ni ishara kwamba moja ya kumi haina mwisho ikiandikwa kwa mbili, kama theluthi isivyo na mwisho ikiandikwa kwa kumi. Na ile A ya mwisho ni mahali nafasi ilipokwisha, ikabidi namba ikadiriwe kwenda juu. Kilichohifadhiwa kwa kweli ni 0.1000000000000000055511151231257827 na kuendelea. Jumlisha 0.1 mara kumi, kompyuta itakupa 0.9999999999999999.

Watu wengi wakifika hapa hulaumu kiwango. Mimi huona ustadi. Kila namba ya kawaida kwa mfumo wa mbili huanza na tarakimu 1, basi waliobuni hawakuihifadhi. Inajulikana ipo, na biti 52 zikafanya kazi ya 53. Kipeo kimewekwa mbele ya tarakimu, tena kimeongezwa ile 1023 ili kisiwe hasi kamwe, na matokeo yake ni kwamba namba mbili chanya ukizilinganisha kama namba nzima za kawaida, bila kujua kwamba ni za nukta elea, jibu linatoka sahihi. Mtunga maktaba anapotaka namba inayofuata baada ya 0.1, ambayo ndiyo kazi ya nextafter, anaongeza moja tu kwenye biti: 9A inakuwa 9B. Akitaka kujua majibu mawili yameachana kwa hatua ngapi, anatoa namba nzima moja kwenye nyingine. Upimaji wa maktaba nyingi za hisabati leo unasimama juu ya hesabu hii ya hatua, na inawezekana kwa sababu ya mpangilio wa biti. Mpangilio ukibadilika, maktaba inavunjika.

Na kabla ya 1985 mpangilio ulikuwa unabadilika kwa kila mtengenezaji. Wazee wa pwani waliopima nafaka kwa kibaba na pishi walijua kwamba ukienda soko la mbali, cha kwanza ni kuuliza kibaba cha pale kikoje. Kompyuta zilikuwa hivyo. IBM, katika System/360 ya mwaka 1964, ilitumia kipeo cha kumi na sita badala ya mbili, na hivyo tarakimu ya kwanza ingeweza kubeba hadi biti tatu za sifuri zisizo na kazi. Usahihi ulipanda na kushuka kutegemea namba uliyoishika. CDC 6600 ilikuwa na neno la biti 60. Cray-1 ilitumia biti 64, lakini 48 tu kwa tarakimu. Kampuni ya DEC, kwenye VAX, ilikuwa na miundo yake mbalimbali, tena mizuri. Mwanasayansi aliyehamisha programu kutoka chuo kimoja kwenda kingine alihamisha pia imani za kienyeji. Kulikuwa na mashine ambamo namba fulani ilihesabiwa si sifuri ukiilinganisha, lakini ukigawanya kwa hiyo ikawa sifuri na programu ikaanguka. Dawa ilikuwa kuizidisha kwanza kwa 1.0. Kulikuwa na nyingine ambamo watu waliandika X = (X + X) − X ili kusafisha biti ya mwisho. Aliyesoma msimbo ule bila kujua historia angefuta mstari huo kwa kudhani ni upuuzi, na majibu yangebadilika.

Aliyelikata fundo alikuwa William Kahan, mwanahisabati kutoka Toronto aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Intel walikuwa wanatengeneza kichakataji cha pembeni cha hesabu, kilichokuja kuitwa 8087, wakamwomba ushauri. Kamati ya IEEE ilianza kazi mwaka 1977, na Kahan pamoja na mwanafunzi wake Jerome Coonen na Harold Stone wakaandika rasimu iliyofuata mawazo ya kichakataji hicho. DEC walitaka muundo wa VAX ndio uwe kiwango. Mgogoro uligandia mahali ambapo mtu wa nje angeshangaa: namba ndogo mno zifanywe nini zinapokaribia sifuri?

VAX ilizizamisha ghafla: ukipita kikomo cha chini, unapata sifuri. Rasimu ya Kahan ilitaka zizame polepole, zikipoteza tarakimu moja moja kadiri zinavyoshuka. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ina uzito. Ukizamisha ghafla, x na y zinaweza kuwa tofauti na bado x − y ikatoa sifuri. Mwandishi aliyejihadhari kwa kuandika "kama x si sawa na y, gawanya kwa x − y" anagawanya kwa sifuri pamoja na hadhari yake yote. Ukizamisha polepole, x − y ni sifuri pale tu x na y zinapolingana, basi. DEC walimwomba mtaalamu anayeheshimika, G. W. Stewart, aichunguze hoja hii, wakitumaini itaonekana haina faida. Mwaka 1981 alirudi akasema kuzama polepole ndiyo njia iliyo sahihi. Wakati huo 8087 ilikuwa imekwisha kuingia sokoni tangu 1980, ikionyesha kwa vitendo kwamba inawezekana. Kiwango kikapitishwa 1985, na mwaka 1989 Kahan akapewa Tuzo ya Turing.

Sisi tunaoandika Kiswahili tunalijua neno kusanifisha kwa uchungu wake na kwa faida yake. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha maandishi, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia kazi hiyo. Kimvita, chenye ushairi wake mzito, kiliwekwa pembeni, na wapo wanaosikitika hadi leo, nami siwalaumu. Lakini kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kinasomeka Nairobi na Bujumbura. Muundo wa VAX ulikuwa na watetezi wenye akili na sababu nzuri. Faida kubwa ya 1985 haikuwa kwamba muundo wa Kahan ulikuwa bora kwa kila kipimo, ingawa kwa vingi ulikuwa. Faida ilikuwa kwamba ulichaguliwa mmoja.

Sasa nije kwenye mianya. Mpangilio wa baiti nimeshautaja. Wa pili ni alama ya "si namba", ambayo waandishi wa programu huiita NaN: jibu la sifuri kugawanya kwa sifuri, au kipeuo cha pili cha −1. Kiwango hakikutenga mpangilio mmoja wa biti kwa ajili yake. Kipeo kikijaa moja tupu na tarakimu zisiwe sifuri tupu, hiyo ni NaN. Kwa biti 64 kuna njia 9,007,199,254,740,990 za kuiandika. Nia ilikuwa njema: nafasi hizo zingeweza kubeba taarifa za kosa lilikotokea. Kilichotokea ni kwamba kila mtu alizitumia alivyotaka. Hata biti inayotofautisha NaN ya kimya na ile inayopiga kelele iligeuzwa kwenye vichakataji vya MIPS na PA-RISC ya HP, ikamaanisha kinyume cha kwingineko. Pendekezo la upande upi ulio sawa lilikuja kwenye marekebisho ya 2008.

Mfano ninaoupenda ni lugha ya R, inayotumiwa na watakwimu wengi wa Afrika Mashariki, kuanzia vyuo hadi miradi ya afya. R inatofautisha jibu lisilo namba na jibu lililokosekana, yaani dodoso ambalo mhojiwa hakulijibu. Jibu lililokosekana huitwa NA, na ndani ya kumbukumbu ni NaN ya kawaida ambayo nusu yake ya chini imeandikwa 1954. Ni namba hiyo tu inayoitambulisha. Ukijumlisha NA na NaN, nani atashinda? Watunzaji wa R wenyewe huonya kwamba jibu linaweza kutegemea mashine. Fikiria maana yake: tofauti kati ya "hakujibu" na "hesabu imeharibika" inategemea kichakataji kilichaguaje kubeba biti ambazo kiwango hakikuzilazimisha. Java ilishughulikia hili kwa uwazi. Kazi yake doubleToLongBits hukupa NaN moja iliyokubaliwa, 7FF8000000000000, bila kujali iliyoingia. Anayetaka biti mbichi huita nyingine, doubleToRawLongBits. Milango miwili, kila mmoja na jina lake. Hivyo ndivyo maktaba inavyopaswa kufanya.

Sifuri hasi niipite haraka: ipo, ni sawa na sifuri chanya ukilinganisha, lakini moja ukiigawanya kwa hiyo unapata kisicho na kikomo upande wa hasi, na ukilinganisha mafaili kwa biti utadhani ni namba mbili.

Mwanya uliouma zaidi ni wa desimali. Fedha, kodi na riba huandikwa kwa kumi, na tumeona mfumo wa mbili unavyoichukua 0.1. Marekebisho ya 2008 yaliongeza namba za nukta elea za desimali: muundo wa biti 64 unaobeba tarakimu 16, na wa biti 128 unaobeba tarakimu 34. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. IBM, ambako Mike Cowlishaw alikuwa ameifanyia kazi desimali kwa miaka, walikuwa na muundo uitwao DPD, unaobana kila tarakimu tatu ndani ya biti kumi, kwa kuwa biti kumi zina michanganyiko 1,024 na tarakimu tatu zinahitaji 1,000. Unafaa sana kujengwa ndani ya kichakataji, na IBM waliujenga kwenye POWER6 mwaka 2007. Intel walitaka desimali ifanywe na programu, juu ya vichakataji vilivyokuwepo. Muundo wao, BID, huhifadhi tarakimu zote kama namba nzima moja ya mfumo wa mbili, ambayo kichakataji cha kawaida huizidisha na kuijumlisha bila shida. Kila upande ulikuwa na sababu za kweli, na kila upande ulikuwa na fedha zilizokwisha kutumika.

Kamati ikapitisha yote miwili.

Hebu tuone gharama yake kwa namba moja. Chukua shilingi 1 kwa desimali ya biti 64. Kwa DPD huandikwa 2238000000000001. Kwa BID huandikwa 31C0000000000001. Sasa mashine ya DPD iipeleke shilingi yake kwa mashine ya BID kama baiti nane tupu. Kwa BID, 2238000000000001 si takataka ambayo ingekataliwa. Ni namba halali kabisa, 6755399441055745 × 10⁻¹²⁵. Shilingi imekuwa takriban 6.76 × 10⁻¹¹⁰. Ukielekea upande wa pili, shilingi ya BID ikisomwa kwa DPD inakuwa 4.000000000000001 × 10⁻¹⁵, nayo ni halali. Hakuna biti hata moja kati ya 64 inayosema "mimi ni DPD" au "mimi ni BID". Mkusanyaji programu GCC hutumia BID kwenye vichakataji vya ukoo wa x86 na DPD kwenye POWER, kwa hiyo msimbo uleule, usiobadilishwa hata herufi, hutoa mafaili yasiyoelewana.

Sitaki kuwadhulumu wajumbe wa kamati. Walilijua tatizo, na kiwango kinataja operesheni nne za kugeuza kutoka andiko moja kwenda jingine. Na hesabu zenyewe, kanuni za kukadiria, majibu ya kila jumlisho, ni zilezile kwa miundo yote miwili. Mtu asiyetoa namba nje ya mashine yake hataona tofauti. Lakini namba za fedha kazi yake ni kutoka nje ya mashine! Benki humtumia benki mwenzake, tawi humtumia makao makuu. Wajumbe wa kizazi cha Kahan walipambana miaka minane hadi upande mmoja ukakubali kushindwa. Kizazi cha 2008 kilichoka, kikatafuta amani, na amani hiyo analipia mwandishi wa programu. Ndiyo sababu mifumo mingi ya fedha huikwepa desimali ya kiwango, ikahifadhi senti kama namba nzima au ikatuma namba kama maandishi. Ni ukwepaji wa busara. Lakini kiwango kilipaswa kuuondoa ulazima wake.

Upande wa kazi za hisabati hali ni tofauti, na huko nina matumaini. Kiwango kinalazimisha jumlisha, toa, zidisha, gawanya na kipeuo cha pili zitoe jibu lililo karibu kuliko yote na jibu la kweli. 2008 iliongeza zidisha-kisha-jumlisha kwa hatua moja. Lakini kwa sin, logi na nduguze, inapendekeza tu. Sababu iko kwenye jambo ambalo Kahan mwenyewe aliliita mtanziko wa mtengeneza majedwali. Waliosoma sekondari Tanzania na Kenya wanakikumbuka kile kitabu cha majedwali ya tarakimu nne. Aliyekiandaa, akitafuta logi fulani, akipata 0.43255000 na mengine hayajulikani, atakadiria kuwa 0.4325 au 0.4326? Lazima ahesabu tarakimu zaidi, na hajui mapema ngapi zitatosha. Kompyuta ina shida hiyohiyo, na kwa miaka mingi ilionekana ni ghali kuimaliza. Matokeo yake, sin ya namba moja ingeweza kutofautiana biti ya mwisho kati ya maktaba na maktaba, hata kati ya toleo na toleo la maktaba moja.

Biti ya mwisho inaonekana haina thamani, mpaka uendeshe kielelezo cha hali ya hewa kinachorudia hesabu mara mamilioni, au uwe na wachezaji wawili mtandaoni ambao simu zao lazima zikubaliane mpira umeangukia wapi. Wafaransa wamefanya kazi kubwa hapa. Maktaba ya MPFR, iliyoanza kusambazwa mwaka 2000, hutoa jibu lililokadiriwa sawasawa kwa urefu wowote wa tarakimu. Ni ya polepole, lakini ni hakimu. Mradi wa CORE-MATH, ambao Paul Zimmermann ni mmoja wa waanzilishi wake, umeonyesha kwamba jibu sahihi kabisa linaweza kupatikana kwa kasi inayokaribiana na ile ya maktaba za kawaida, na baadhi ya kazi zake za biti 32 zimekwisha kuingia glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Kwa biti 32 hakuna tena kisingizio: kazi ya namba moja ina maingizo 4,294,967,296 tu, na kompyuta ya mezani huyajaribu yote kwa muda mfupi, moja moja. Mtunga maktaba anaweza kusema "nimeyapima yote" na ikawa kweli tupu. Naona pendekezo lile la kiwango sasa liwe sharti, angalau kwa biti 32.

Java iliwahi kujaribu njia ya mkato ikarudi. Mwaka 1998, kwa sababu vichakataji vya Intel vya wakati ule vilifanya hesabu za kati kwa biti 80, toleo la 1.2 liliruhusu vipeo vya hesabu za kati vitofautiane kati ya mashine, na anayetaka uthabiti akaambiwa aandike neno strictfp. Mwaka 2021, Java 17 iliufuta uhuru huo: hesabu zote ni thabiti tena. Ilichukua miaka 23.

Kuna pia andiko ambalo binadamu hulisoma. Namba yoyote ya biti 64 ikichapishwa kwa tarakimu 17 itarudi ilivyokuwa ikisomwa tena. Lakini nani anataka kuona 0.10000000000000001 kwenye risiti? Steele na White walieleza mwaka 1990 jinsi ya kuchapisha andiko fupi kuliko yote linaloweza kurudi kwenye biti zilezile, na mwaka 2018 Ulf Adams akaleta njia ya haraka mno aliyoiita Ryu. Ukiona lugha za kisasa zikichapisha 0.1 na si ule mkia, asante iende kwao. Hatari inabaki kwa wanaosahau kwamba namba nzima nazo hupita humu: JavaScript huhifadhi namba zake za kawaida kwa biti 64 za nukta elea, na juu ya 9,007,199,254,740,992 huanza kuruka baadhi ya namba nzima. Twitter, vitambulisho vya jumbe zake vilipokaribia kuupita mpaka huo, ililazimika kuvituma pia kama maandishi.

Ningetamani kusema mianya hii ni ya zamani na inazibwa. Lakini soko la akili unde limetufungulia upya zama za kibaba. Mifumo ya kujifunza haihitaji usahihi mkubwa. Inahitaji namba fupi, nyingi, za haraka. Google ikaleta bfloat16: biti nane za kipeo kama za biti 32, lakini saba tu za tarakimu. Mwaka 2022 NVIDIA, Arm na Intel wakapendekeza miundo miwili ya biti nane, E4M3 na E5M2. Wa kwanza hauna kabisa alama ya kisicho na kikomo, na namba yake kubwa kuliko zote ni 448. Karibu na wakati huo AMD, katika kichakataji chao cha MI300, wakatumia E4M3 ya aina nyingine, ambayo kipeo kimeongezwa nane badala ya saba, na kubwa yake ni 240. Chukua baiti moja, 38. Kwa E4M3 ya kwanza ni 1. Kwa E4M3 ya pili ni 0.5. Uzito wote wa kielelezo kilichofundishwa kwa miezi, ukipakiwa bila kutajwa ni E4M3 ipi, unaweza kuwa nusu; na kwa kuwa karibu kila kitu kimepungua kwa uwiano mmoja, kielelezo kinaweza kisianguke, kikajibu tu vibaya.

Ndiyo maana nasema mzigo uko kwa mtunga maktaba, maana yeye hawezi kusubiri kamati. Kila aina ya namba anayoitoa iwe na kazi moja ya kuigeuza kuwa biti na moja ya kuirudisha, zenye mpangilio wa baiti ulioandikwa wazi. NaN iwe moja ikitoka nje, na mlango wa biti mbichi uwe na jina lake. Desimali isitoke bila kutaja ni DPD au BID. Na maktaba iambatane na jedwali la majaribio: namba, na baiti zake kamili, kwa sifuri zote mbili, kwa namba ndogo zinazozama, kwa kubwa ya mwisho, ili yeyote mwenye mashine mpya aweze kulinganisha kwa jicho.

Lile faili la mvua nilipolikabidhi upya, nililitangulizia baiti nane zisizo za siku yoyote: 0.1, ikianza na 3F. Atakayelisoma akiona 9A mbele, ajue ageuze kabla ya kuendelea. Nilifikiria kuweka sifuri, kisha nikakumbuka miezi ya kiangazi.